Mwanafunzi wa Muziki kati ya Wapigaji

Ndugu zetu wa seminari, na ninyi makatekista mnaoongoza korali, mnajua ya kuwa hapa Walungu habari haikai siri. Mwezi wa 3 ilifika barua katika simu ya katekista wetu, barua ya mkono iliyopigwa picha, na kabla ya Misa ya Dominika nusu ya parokia ilikuwa imekwisha kujua yaliyomo.

Iliandikwa na kijana wetu mmoja. Alianza kwa kugusa kinanda cha kanisa, kisha akajifunza violoni, kisha akaingia chuo cha muziki. Chuo kilimpeleka Nairobi kufanya staji ya miezi 6 katika kikundi cha wapigaji 4: violoni 2, violoni ya sauti nene kidogo inayoitwa alto, na violoni kubwa inayosimamishwa kati ya magoti. Baba yake aliuza ng'ombe juu ya safari ile, na parokia ilichanga iliyobaki. Basi kijana anaandika kwamba kwa majuma 7 hajapiga hata nota moja mbele ya watu. Kazi yake ni kufunua kurasa, kupanga viti na kukaa pembeni akisikiliza. Siku moja tu walimpa nafasi ya violoni ya pili katika mazoezi. Kisha mistari 4 walimsimamisha wakamwambia: «Vidole vyako ni vizuri, lakini wewe hutusikii.» Mwisho wa barua anaomba ruhusa ya kurudi nyumbani.

Watu walikasirika. Mzee mmoja wa baraza la parokia aliuliza kama ng'ombe ameuzwa kusudi mtoto akafunue karatasi za wengine. Hatutaficha kwamba sisi wenyewe tulikuwa kati ya waliosema arudi. Lakini mtu hawezi kumwita kijana arudi bila kumpa neno, na kwa kutafuta neno lile tulifungua tena vitabu na madaftari tuliyotoka nayo seminari kubwa. Tuliyoyakuta yalitugeuza, na ndiyo tunayoandika hapa.

Tuanze na Joseph Haydn, ambaye wengi humwita baba wa muziki wa wapigaji 4. Alizaliwa mwaka 1732 huko Rohrau, kijiji cha Austria. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu ya magari ya farasi, na jioni alipiga kinubi bila kujua hata nota moja. (Wasomaji wa Bushi wataelewa vizuri baba wa namna hii.) Karibu na mwaka 1740 mtoto alichukuliwa kuimba katika kanisa kubwa la Mtakatifu Stefano, mjini Vienna. Alikaa mle mpaka sauti ikavunjika, kama inavyowapata vijana wote, na karibu na mwaka 1749 akatolewa. Alikuwa na miaka 17, hana fedha, hana kazi, anakaa katika chumba chini ya paa.

Sasa tazameni alivyojifunza. Kulikuwa mjini Vienna mwalimu mmoja Mwitalia, mzee na mkali, jina lake Nicola Porpora. Haydn aliingia kwake kama mtumishi: alipiga kinanda wakati mwalimu alipofundisha waimbaji, na alimtumikia kama boyi anavyomtumikia bwana, hata kusafisha nguo na viatu. Matusi hayakukosa. Lakini katika maandiko mafupi aliyoandika juu ya maisha yake mwaka 1776, alipokuwa amekwisha kuwa mtu mwenye sifa, Haydn alisema ni kwa Porpora alipopata misingi ya kweli ya kutunga muziki. Hakusema ni katika kitabu, ingawa vitabu pia alivisoma sana, usiku, katika chumba kile cha baridi.

Kisha, katika miaka ya 1750, bwana mmoja mwenye cheo, Baron Fürnberg, alimwita katika nyumba yake ya shamba huko Weinzierl. Baron alipenda kusikia muziki kidogo nyumbani, lakini hakuwa na wapigaji wengi. Alikuwa na watu 4 tu: padri wa parokia, msimamizi wa mali yake, Haydn kijana, na mtu mmoja wa jamaa ya Albrechtsberger aliyepiga violoni kubwa. Kwa ajili ya watu hawa 4 Haydn alitunga nyimbo zake za kwanza za namna hii. Hata alipokufa mwaka 1809, zilihesabiwa 68.

Tungependa msomaji asimame kidogo hapa. Padri wa parokia! Padri wa shamba, ambaye labda asubuhi alisoma Misa na mchana alitembelea wagonjwa, na jioni alishika chombo chake akakaa karibu na msimamizi wa mashamba, na kati yao kijana maskini wa miaka ishirini na kitu. Historia haikutunza jina la padri huyu katika vitabu tulivyo navyo. Lakini muziki ambao leo unapigwa katika majumba makubwa ya dunia ulijifunzwa kwanza katika kikundi cha namna hiyo, ambamo hakuna aliyekuwa mwenye sifa. Kila mara tunaposikia padri akisema kwamba muziki ni kazi ya korali na si yake, tunamkumbuka yule wa Weinzierl.

Juu ya nini kikundi kidogo hufundisha kuliko kikubwa? Makatekista wanajua jibu bila kusoma historia. Katika korali ya watu 60, yule asiyejua huimba nyuma ya yule anayejua. Sauti yake hufunikwa, na hata mwenyewe hajui kwamba amekosa. Katika wapigaji 4 kila mmoja ana sauti yake peke yake. Akinyamaza, kuna shimo. Akiharakisha, wengine 3 wanabaki nyuma na kila mtu anasikia. Tena hakuna anayesimama mbele na kupunga mikono: violoni ya kwanza huvuta pumzi, huinua upinde kidogo, na wengine lazima wawe wamekwisha kumtazama. Na violoni haina alama za kuonyesha kidole kikae wapi, kama kinanda kilivyo na funguo zake. Sauti ya kweli hutafutwa kwa sikio, na hutafutwa upya kila mara kufuatana na sauti ya jirani. Nota ileile iliyo sawa ukiwa peke yako yaweza kuwa na kasoro kidogo ukiwa na wenzako. Ndiyo maana ya neno lile aliloambiwa kijana wetu, «hutusikii». Alilichukua kama tusi. Sisi pia, tuliposoma barua mara ya kwanza, tulilichukua hivyo.

Mwanaseminari mmoja aliyesoma maneno haya kabla hayajachapwa alitupinga kwa jina la Guido wa Arezzo, na alikuwa na haki ya kutupinga. Guido, mmonaki wa Italia, alipanga nota juu ya mistari karibu na mwaka 1025. Aliandika kwamba kabla yake waimbaji walitumia miaka 10 kujifunza nyimbo za kanisa, na kwamba kwa njia yake mwaka 1 ao 2 hutosha. Basi, alisema mwanaseminari, kitabu kimeshinda kukaa pembeni ya mzee. Ni kweli kwamba nota ziliondoa mzigo mkubwa, na Eklezya nzima inamshukuru Guido mpaka leo. Lakini Guido mwenyewe aliwafundisha watoto wa korali mbele ya uso wake. Hakuwapa karatasi akaenda zake. Nota huonyesha sauti inakopanda na inakoshuka. Namna ya kumngojea mwenzako haikuandikwa juu ya mistari ile. Sisi tuliofundishwa solfeji kwa ubao na chaki tunalijua jambo hili kwa aibu: tulitoka tukijua kusoma nota, na siku ya kwanza ya kuongoza wimbo wa sauti 4 parokiani tulishindwa na wamama wasiojua kusoma kitu.

Basi turudi Bushi. Watu wa Walungu hawakungoja violoni kusudi wajue mambo haya. Wazee wanayo lulanga, ule mti uliochongwa kama mtumbwi mdogo, na juu yake uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi mpaka unakuwa nyuzi nyingi. Mpigaji huukalisha mbele yake, na huimba kwa sauti ya chini habari za Bami, za vita, za ng'ombe, na za watu walioonewa. Wako pia wachungaji na mulizi, filimbi inayopulizwa kwa ncha yake. Katika miaka ya 1951 na 1952 alifika katika nchi hizi Mwamerika mmoja, Alan Merriam, akakamata sauti za wapigaji na waimbaji wengi. Mwaka 1957 alichapisha maandiko marefu juu ya mulizi ya Bashi peke yake. Tunakiri kwamba tulisikia habari ya maandiko yale tukiwa tumekwisha kupata upadri. Filimbi ya jirani zetu tulionyeshwa na mtu aliyetoka ng'ambo ya bahari.

Hakuna shule ya lulanga. Tulipokuwa watoto kulikuwa na mzee mmoja kwetu aliyepiga jioni, na karibu naye alikaa siku zote mjukuu wake. Mjukuu hakupiga. Alileta moto, alimpokeza mzee kibuyu cha kasiksi, alikaza uzi uliolegea. Wakati mwingine mzee alisimama katikati ya wimbo, akamtazama, na mtoto akatamka neno linalofuata. Kisha miaka fulani tulisikia lulanga usiku tukafikiri ni mzee, kumbe alikuwa mjukuu. Tungemwuliza mtoto yule alianza staji lini na aliimaliza lini, asingejua la kujibu.

Kati ya mambo ya Kongo, jambo lililotusaidia zaidi ni lile la Kamina, katika Katanga. Katanga ilikuwa imekwisha kuzoea korali za vijana. Tangu 1937 Dom Anschaire Lamoral, mbenediktini, alikuwa na yake mjini Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Lakini Padri Guido Haazen, mfransisko wa Antwerp aliyefika Kongo mwaka 1953, alifanya namna nyingine. Katika shule ya Kamina alikusanya watoto karibu 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na walimu karibu 15. Angalieni hesabu hii: kwa watoto 3, mtu mzima mmoja. Watoto hawakuimba mbele ya walimu, waliimba katikati yao. Mwalimu alianzisha, watoto waliitika. Mwalimu alibadili kidogo, watoto walisikia wakabadili nao.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Misa Luba. Iliimbwa mara ya kwanza katika Misa huko Kamina tarehe 23 mwezi wa 3, 1958. Kyrie yake inafuata namna ya kasala, zile sifa ambazo Waluba huwaimbia watu wao na wafu wao. Sanctus imetoka katika wimbo wa kuagana. Hosanna ina mwendo wa ngoma ya Kasai. Hapo mwanzo hakuna aliyeandika nota. Sauti zilipatikana kwa kuimba pamoja, leo hivi, kesho hivi, mpaka zikakaa. Mwaka uleule watoto walipelekwa Ulaya, wakaimba katika Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na sauti zao zikatiwa katika sahani.

Tunasema pia jambo ambalo halitupendezi. Kitabu cha nota kilipochapwa baadaye, juu ya jalada kulikuwa na jina la Padri Haazen. Kwa kweli bila yeye kazi isingekuwapo, na hatumshitaki. Lakini wale walimu 15 na watoto 45, waliotafuta sauti zile kwa masikio yao, dunia haikuwajua kwa majina. Ilijua jina la korali tu, ambalo tena lilikuwa jina la mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Aliyekaa katika kikundi hujifunza. Lakini afungue macho kuona jina la nani linaandikwa.

Mtume wa pekee naye ana shida yake. Huko Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim mpaka Misri akajifunze kupiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi. Alikwenda mmoja. Lakini aliporudi aliwafundisha wengine, wakapiga pamoja mbele ya Sultani, na mwaka 1905 Waunguja walianzisha chama chao cha muziki, Ikhwani Safaa, ambacho kingali kinaishi. Kama angerudi akakaa peke yake na kanuni yake, ingekufa pamoja naye.

Na Kinshasa, mwaka 1994, ndugu zetu Wakimbangu walianza bila hata mtume. Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alikuwa rubani wa ndege aliyepoteza kazi. Alitaka kuunda kundi la violoni na tarumbeta kama yale ya Ulaya, na wengi wa watu wake hawakujua kusoma nota. Violoni zilikuwa chache, wanafunzi wengi. Walipokezana: huyu akipiga, yule anatazama na kungoja zamu. Uzi ulipokatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Leo wapigaji na waimbaji wao wanapita 200, na mwaka 2010 Wajerumani walitengeneza filamu juu yao. Tumefikiri mara nyingi juu ya zamu ile. Sisi tungeiona kama shida ya umaskini tu, na umaskini ulikuwapo kweli. Lakini yule anayengoja violoni huku macho yake yakifuata vidole vya mwenzake amekwisha kuanza kujifunza.

Basi, baba yake Haydn na kinubi chake, mjukuu wa mzee wa lulanga, watoto wa Kamina, watu wa zamu wa Kinshasa: tulipowaweka pamoja usiku ule, barua ya Nairobi ilisomeka kwa namna nyingine. Kijana wetu alifika akiwa mpigaji wa kwanza wa Walungu. Kwetu hakuna violoni ya pili. Hakuna aliyewahi kumsimamisha. Korali nzima humfuata yeye, na akikosa, tunakosa wote pamoja naye na kufurahi. Kosa lile ni letu. Tulimlea kama mtu wa kusikilizwa, kisha tulishangaa kuona hajui kusikiliza.

Tulisema maneno haya katika baraza. Hayakumaliza ugomvi. Yule mzee aliyeuliza juu ya ng'ombe alijibu kwamba Haydn hakuuza ng'ombe wa mtu, na kwamba Padri ana vitabu vingi lakini ada ya miezi 3 iliyobaki haitoki katika vitabu. Alisema kweli. Kuna wakristu wanaokaa na watoto 6 bila karo ya shule, na hao pia walikuwa wamechanga. Hatukuwa na jibu la kumtosha. Baba wa kijana, ambaye alinyamaza tangu mwanzo, ndiye aliyeomba neno. Aliuliza jambo moja tu: kama wale wapigaji walimsimamisha mwanawe mbele ya watu ao ndani, katika mazoezi. Tulimjibu, ndani. Akasema: basi wamemheshimu, abaki.

Yeye na baraza walipatana kwamba mtoto atamaliza miezi yake kwa sharti. Kila juma 1 aandike alilolisikia kwa wengine, si alilopiga yeye. Na akirudi asipewe korali kubwa mara moja. Apewe kwanza watu 3, mmoja wao awe katekista, mmoja awe msichana wa shule anayejua solfeji, na wa tatu awe yule mjukuu wa lulanga, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi na macho yake yanafifia. Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika sheria juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulitaka muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Kwa parokia yetu nafasi ile, kwa leo, ni viti 4 katika chumba cha katekisimu.

Barua zake za kila juma zinafika. Katika ile ya 5 anasema wamempa sauti ya pili kwa wimbo mzima, polepole, na kwamba alto humkanyaga mguu kila anapoharakisha. Msichana wa shule amekwisha kuanza kuandika nota za nyimbo za lulanga, na hukasirika kwa kuwa mzee habadili wimbo kwa namna ileile mara mbili. Mzee mwenyewe ametuuliza mara 2 kama kijana amefika. Tumemjibu: mwezi wa 9.